Shahidi wa Kioo

Tii!

Sauti ndogo tu gizani, kama gilasi iliyoguswa na kijiko, mtu anapokoroga chai na hataki kuamsha waliolala.

Hapo ndipo tulipomwacha Mama Tochi wiki iliyopita, msomaji: amekaa ukingoni mwa kitanda, kichanga wake ananyonya, masikio yamemsimama. Nje ilikuwa mchana kweupe. Lakini chumba chao hakina dirisha, na mafundi wa umeme walikuwa wamezima jengo zima ili wafunge taa mpya za jukwaani.

Kama gazeti la wiki ile lilikupita, shika haya upesi. Jumba hili lilikuwa la sinema tangu enzi za mama yake, aliyekuwa akiuza tiketi dirishani. Yeye mwenyewe jina lake limetoka kwenye tochi aliyokuwa akiwamulikia waliochelewa mpaka kwenye viti vyao vya mahameli. Sasa pazia jeupe limeng'olewa, jukwaa limejengwa, na jioni ile ile jumba lilikuwa linafunguliwa upya kuwa ukumbi wa muziki. Mama Tochi, mumewe fundi lipu, na watoto wao wawili wanaishi katika kilichokuwa stoo ya mabango, chini ya roshani. Dari yao ndiyo tumbo la roshani.

Na kwenye dari hiyo kuna ufa.

Akamlaza mtoto, akawasha mwanga wa simu, akaumulika juu.

Mumewe alikuwa amebandika kipande chembamba cha kioo juu ya ule ufa, huku tone la lipu na huku tone la lipu, kama daraja. "Huyu ni shahidi," alimwambia siku ile, akishuka kwenye stuli na vumbi nyusini. "Ufa ukilala, naye analala. Ufa ukitembea, anakatika. Kioo hakijui kupinda, mke wangu. Hakijui kuficha."

Kioo kilikuwa kimekatika. Nusu imening'inia darini. Nusu nyingine imelala sakafuni, kando ya ndara zake.

Na huko juu, dum-dum-pa! Dum-dum-pa! Kwaya ya watoto wa shule ilikuwa inafanya mazoezi ya mwisho, watoto wote roshani, wanaimba na kukanyaga miguu. Vumbi likamwagika usoni mwake kama unga kwenye chekeche.

Mstari wa mbele kabisa, ukingoni, alikuwa binti yake, Chiriku.

Mama Tochi hakupiga kelele. Akaokota ile nusu ya kioo, akamfunga kichanga mgongoni, akatoka.

*

"Shemeji!"

Mkandarasi wa ukarabati alikuwa ukumbini kwenye lango kuu, anapanga watu wa kupanga maua. Ni kaka wa mumewe, kaka mkubwa, na mji mzima unamwita Bwana Kesho. Ukimwambia bomba linavuja, kesho. Ukimwambia mlango haufungi, kesho. Hata harusi yake mwenyewe, wanasema, aliisogeza mara mbili.

"Shemeji, kioo kimekatika."

"Kioo gani?"

"Cha darini kwetu. Ufa unatembea. Toa watoto roshani."

Bwana Kesho akamshika kiwiko, akamvuta mpaka nyuma ya nguzo. Tabasamu halikumtoka, maana watu wa maua walikuwa wanaangalia.

"Sauti, shemeji. Sauti. Wageni wanakuja jioni. Kesho nitaleta vijana waangalie."

"Kesho? Mwanangu yuko juu leo!"

"Jengo hili limebeba watu tangu mama yako ni kigoli."

"Limebeba watu waliokaa! Watu wa sinema wanakaa kitako, wanatazama, wanalia, wanakwenda nyumbani. Nani alikuwa anaruka humu? Nani alikuwa anakanyaga? Mmeng'oa sinema mkaleta ngoma, mkaiacha roshani ile ile!"

"Ala! Siku hizi umekuwa mhandisi?"

"Mhandisi wenu alikuja akauliza kuhusu roshani, nikiwa nimesimama pale pale. Ukamwambia roshani haina tatizo. Nilikusikia."

Tabasamu likafa.

"Basi sikiliza," akasema kwa sauti ya chini. "Alipokuja, alikuta lipu safi. Nani aliipaka? Mimi? Mimi sijashika mwiko miaka na miaka. Ule ufa unapita roshani nzima, shemeji, siyo chumbani kwako tu. Na aliyeuziba, akaulainisha, akaupaka rangi ya maziwa, ni mumeo. Fungua mdomo. Fungua. Wa kwanza kutiwa pingu atakuwa baba Chiriku."

Hili, msomaji, hakulijua.

Damu ikampanda mpaka machoni. Aliujua ufa wa chumbani. Hakujua kwamba ni mkia tu wa nyoka. Mume aliyelala naye kitanda kimoja, aliyemwimbia mtoto, aliyekula na kusema chakula kitamu, alikuwa amekaa na jambo lile kifuani!

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Ndugu yako! Ametoka alfajiri, hajarudi, simu haipatikani. Yuko wapi?"

Bwana Kesho akachezea funguo zake. Alikuwa na kishada cha funguo kiunoni, kizito, kinalia kama njuga.

"Tumegombana asubuhi. Ameniambia anataka kuitegemeza roshani kwa miti, sijui mirunda, sijui nini. Nikamwambia haiwezekani, leo wageni. Akatupa mwiko akaondoka zake." Akainua mabega. "Huenda kuna mahali anakoliwazwa. Mambo ya wanaume hayo, mimi simo."

Kama mkono wa Mama Tochi usingekuwa umeshika kioo, ungekuwa umetua shavuni pale.

"Namwita Meneja," akasema.

"Mwite," akasema Bwana Kesho, tena kwa upole. "Mwite kabisa."

Upole ule ungemshtua siku nyingine. Siku ile hasira zilikuwa zimemziba masikio.

*

Meneja wa ukumbi alikuwa mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa mkufu, simu mbili mkononi, moja inaita na nyingine inalia. Alimfuata Mama Tochi kwa sababu tu hakumpa nafasi ya kukataa.

"Dakika moja, mama. Angalia mwenyewe. Kama nasema uongo nifukuze."

Wakashuka. Akasukuma mlango, akamulika juu.

Hapakuwa na kioo.

Hapakuwa na ufa. Kulikuwa na lipu mbichi, nyeupe, inang'aa kwa maji, imepakwa kwa haraka kutoka ukuta mpaka ukuta. Na chini yake, amesimama juu ya stuli ya mumewe, na mwiko wa mumewe mkononi, alikuwa Bwana Kesho.

Mtu wa kesho kafanya kazi leo!

"Ah, Meneja, karibu," akasema akishuka. "Shemeji yangu amelalamika vumbi linamwagikia mtoto. Nikasema familia ni familia. Nimemzibia."

"Ameufuta!" Mama Tochi akapaza sauti, mtoto akashtuka mgongoni. "Ameufuta sasa hivi! Mama, gusa, ni mbichi! Kulikuwa na shahidi hapa!"

"Shahidi?"

"Kioo! Hiki hapa!" Akafungua kiganja. Kipande cha kioo, kidogo, na tone la damu pale kilipomkata bila yeye kujua.

Meneja akakitazama. Akamtazama Bwana Kesho.

"Gilasi iliyovunjika," akasema Bwana Kesho kwa huruma. "Meneja, nisikufiche. Wameambiwa watahamishwa humu mwezi ujao, chumba kiwe cha kubadilishia nguo wanamuziki. Tangu siku hiyo shemeji hana usingizi. Na mume naye leo kaondoka. Ni mengi kwa mama anayenyonyesha."

Jamani! Kuna uongo unaotukanwa nao ukajibu, na kuna uongo unaofunikwa nao kama blanketi, kwa mapenzi, mpaka unakosa pumzi.

Meneja akamgusa bega. "Dada, pumzika. Mwite jirani akushikie mtoto. Jioni njoo usikilize muziki, nitakuwekea kiti." Na simu yake ikaita, akapanda ngazi akizungumza mambo ya maua.

Mama Tochi akabaki na shemeji yake na harufu ya lipu mbichi.

"Utanijua," akamwambia.

"Tumejuana siku nyingi, shemeji," akasema Bwana Kesho, akapangusa mwiko kwa shuka la kitanda chao.

Shuka la kitanda chao! Akafuta mwiko humo, akaondoka.

*

Alipanda ngazi za roshani mbili mbili. Mpaka nusu ya njia alikuwa na jambo moja tu kichwani, kulipuka. Kusimama pale juu na kupiga ukelele ambao ungesikika mpaka barabarani: Tokeni! Roshani inaanguka! Kimbieni!

Kimbieni.

Akasimama kwenye ngazi kama aliyegonga ukuta.

Kukimbia ndiko kutakakoiangusha. Watoto wote wale, wakishtuka mara moja, wakirukia mlango mmoja, miguu yote ikitua pamoja. Angewaua kwa mdomo wake mwenyewe.

Hasira zote zile, msomaji, na sauti ilibidi iwe ya kubembeleza.

Akapita ngazi zilizobaki polepole. Akasimama mlangoni, kwenye sakafu ngumu ya ngazi, hakukanyaga roshani. Mbele yake viti vimeshuka kama matuta mpaka ukingoni, na mbele kabisa, migongo ya watoto yenye sare nyeupe. Umeme ulikuwa umerudi.

Dum-dum-pa! Dum-dum-pa! Ko.

"Simama!" Mwalimu wa kwaya alikuwa mwembamba, shingo ndefu, fimbo ya kuongozea mkononi. Akainua fimbo. "Nani huyo anayegonga nje ya mdundo?"

Watoto wakatazamana.

"Tangu asubuhi nawaambia! Dum-dum-pa, basi. Kuna mtu anaongeza ko. Nani?"

"Siyo mimi, mwalimu!"

"Ni huyu!"

"Muongo! Mwalimu, mimi miguu yangu iko hapa!"

Chiriku peke yake hakujibu. Akainamisha kichwa, anaangalia sakafu kati ya viatu vyake. Mtoto huyu hajawahi kunyamaza hata akiwa na maji mdomoni.

"Mwalimu," Mama Tochi akaita kwa sauti ya kumwita mtu aliyesinzia. "Njoo tafadhali. Polepole."

Mwalimu akaja, uso umekunjana. "Mama, tumebakiwa na..."

"Roshani hii ina ufa chini. Unatembea. Kuna kioo kimekatika sasa hivi, na aliyeuficha huo ufa yuko chini anapanga maua. Meneja haniamini. Wewe usiniamini pia, ukitaka. Lakini wa tatu kutoka kule mwisho ni mwanangu wa kumzaa, na huyu mgongoni ni mdogo wake. Nikuletee mzaha mimi?"

Mwalimu akamtazama. Akatazama kiganja chake chenye damu. Akashusha fimbo.

"Nikisema watoke watakimbia," akanong'ona. "Siwawezi hawa. Kengele ikilia tu wanageuka mbuzi."

"Niachie mimi."

Akageuka, akawaonyesha mgongo wake. Kichanga alikuwa amelala tena, mdomo wazi, mate yanamtiririka.

"Watoto," akasema Mama Tochi. "Mnamwona huyu?"

Shingo zikageuka.

"Amelala. Usiku kucha alikuwa analia. Akiamka sasa, mimi nitaanza kulia naye. Nani hapa ana mdogo nyumbani?"

Mikono ikapanda.

"Basi mnajua. Vueni viatu, mshike mkononi. Mmoja mmoja, kuanzia huku karibu nami. Mnapita hapa kama mnavyopita kitandani kwa mtoto wa mama. Atakayemwamsha, yeye ndiye atakayembembeleza mpaka jioni."

Kicheko kidogo, kikazibwa kwa viganja. Na wakaanza.

Umewahi kuona kundi la watoto likitembea bila sauti? Soksi zilizotoboka vidole. Viatu vimekumbatiwa kifuani. Kila mmoja akifika kwake anamchungulia kichanga, anaweka kidole mdomoni, anapita. Mama Tochi anatabasamu. Anawagusa vichwa. Moyoni anamtukana Bwana Kesho matusi ambayo gazeti hili haliwezi kuchapa.

Anamtukana na mumewe. Kwa nini hukuniambia? Uliogopa kazi ikiisha tutakula nini, lipu? Umekwenda kuliwazwa wapi, mwanamume wewe, nami niko hapa nahesabu pumzi za watoto wa watu?

Ko, kitu kikagonga chini ya sakafu. Ko.

"Bomba la maji," akanong'ona Mwalimu.

Chiriku alikuwa wa mwisho. Alikuwa anatembea taratibu kuliko wote, akigeuka nyuma kila hatua. Alipofika akamshika mama yake upindo wa gauni.

"Mama..."

"Baadaye."

"Mama, baba alisema nisi..."

"Nimesema baadaye! Shuka!" Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaripia tangu apande, na alimkaripia asiyestahili.

Chiriku akafunga mdomo, akashuka.

*

Walikuwa wamefika chini, kwenye lango kuu, Bwana Kesho anakuja mbio akipunga mikono.

"Nani kawatoa? Nani? Mwalimu, warudishe! Meneja, umeona? Nilikuambia huyu mwanamke..."

Hakumaliza.

Kwanza mlio kama wa kitambaa kinachochanika. Halafu lipu yote ya tumbo la roshani, ile ya maziwa, nzuri, laini, ikaachia. Ikashuka kwa vipande vikubwa kama milango, ikavunjikia juu ya viti vya chini, mstari baada ya mstari. Vumbi likajaa ukumbi mzima. Lilipotulia kidogo, waliokuwa langoni wakaona: ufa mweusi, mpana wa kutosha kupitisha mkono, kutoka ukuta wa kushoto mpaka wa kulia. Roshani yenyewe imeinama mbele kama mtu anayetaka kutapika.

Ilikuwa haijaanguka. Kitu fulani kilikuwa bado kinaishikilia.

Kichanga akaamka. Akalia kwa nguvu zake zote.

Na mama yake akashusha pumzi. Mtoto ameamka. Sasa hapakuwa na sababu ya kunong'ona.

"Kesho!" akamgeukia shemeji yake. "Ehe! Sema! Sema kesho! Kesho tungezika nani, wewe? Ungekuja na maua yako? Ungesimama makaburini useme familia ni familia?"

"Shemeji, tulia..."

"Nisiitwe shemeji! Umefuta mwiko kwenye shuka langu! Umemchafua mume wangu mbele za watu, umenifanya kichaa mbele ya bosi, ukapaka lipu juu ya vifo vya watoto ukaita msaada! Pingu ulisema? Zilete! Kama mume wangu ameziba, aje avae. Nitampelekea chakula mwenyewe na nitamgombeza kila siku kupitia nondo. Lakini wewe utavaa kwanza!"

Watu wa maua walikuwa wameacha maua. Mwalimu alikuwa amekaa chini, watoto wamemzunguka. Meneja amevaa miwani yake na kuivua, amevaa na kuivua.

"Dada," akasema, "nisamehe." Halafu akawa Meneja tena. "Wote nje! Mafundi wa umeme, jukwaani, nje! Jengo lifungwe. Asiingie mtu, asikaribie mtu, mpaka mhandisi aje. Iachwe ianguke yenyewe ikitaka."

Wakatoka mpaka kando ya barabara, jua la alasiri likiwapiga machoni. Bwana Kesho akavuta milango mikubwa, akaikomea. Kishada cha funguo kinalia mkononi mwake.

"Milango yote?" akauliza Meneja.

"Yote. Hata kile kilango cha chini ya ngazi, cha kuingilia uwazi wa roshani, kati ya sakafu na lipu. Nilikipiga kufuli asubuhi." Akajipangusa jasho. "Nilikikuta wazi, nikasema wageni wasije wakaona uchafu."

"Hakuna aliyebaki?"

"Hakuna."

Mama Tochi hakuwa anasikiliza. Alikuwa anambembeleza mtoto, anampapasa mgongo. Mambo yamekwisha, alijiambia. Watoto wazima. Wangu wazima. Huyo mwanamume akirudi ataniona!

Akamtafuta Chiriku kwa macho. Watoto wengine walikuwa wamekaa ukingoni mwa barabara, wanavaa viatu, wanasukumana, wanacheka. Chiriku amesimama peke yake mbele ya mlango uliofungwa, soksi zimejaa vumbi, viatu bado kifuani.

"Chiriku, vaa viatu, mwanangu. Tumeshamaliza."

Hakuvaa.

"Nimekukaripia, eti? Njoo. Nisamehe mama yako, nilikuwa na hasira za watu wengine. Ulitaka kuniambia nini?"

Chiriku akatazama mlango. Akatazama funguo mkononi mwa baba yake mkubwa. Alikuwa ameahidi. Alikuwa ameweka kidole gumba juu ya kidole gumba cha baba, alfajiri, baba akiwa na mirunda begani. Akavuta pumzi, akasema kwa sauti ambayo barabara nzima iliisikia:

"Baba yumo ndani ya roshani."